“Ameanguka”: uchambuzi wa kisa cha mtoto wa miaka 9 na neno lililoandikwa kwenye jalada lake

Kisa hiki kilitokea katika hospitali ya wilaya, pwani ya Tanzania. Daktari wa zamu jioni ile nilikuwa mimi. Majina, tarehe na mambo yanayoweza kumtambulisha mtoto yameondolewa au kubadilishwa, na jamaa zake wameridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Sikiandiki kwa kuwa ni kisa cha ajabu. Nakiandika kwa sababu ni cha kawaida mno: mtoto aliyeingia kwa miguu yake akaja kulazwa siku 17, na kijana aliyeletwa jioni hiyohiyo amebebwa mzegamzega, mfupa wa mguu ukiwa nje, akapata huduma yake yote kwa wakati. Nimejiuliza mara nyingi tofauti hiyo ilitoka wapi. Kila nikirudi nyuma nafika palepale: chanzo cha jeraha la yule kijana tulikijua kabla hajashushwa kwenye bajaji, lakini cha mtoto hatukukiuliza.

Mazingira

Hospitali yetu ina vitanda zaidi kidogo ya 100, chumba kimoja cha upasuaji, mashine ya eksirei na altrasaundi ndogo. Mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kina, hatuna. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko mwendo wa saa 3 kwa gari, na mvua zikinyesha saa hizo huongezeka. Zamu ya usiku huwa na daktari mmoja, tabibu mmoja na wauguzi wachache wanaogawana chumba cha dharura na wodi.

Mgonjwa akifika, karani wa mapokezi humfungulia jalada. Anaandika jina, umri, mtaa, kisha tatizo. Kwa majeruhi, nafasi hiyo ya tatizo hubeba neno moja tu: ajali, kupigwa, kuungua, kuanguka. Maneno haya hayana uzito sawa. “Ajali” na “kupigwa” huita PF3, yaani fomu ya polisi namba 3, na kwa mtu wa kawaida fomu hiyo maana yake ni safari ya kituoni, maswali, na nauli ambayo hakuipanga. “Ameanguka” haliiti mtu yeyote. Ni neno la amani, na ndiyo maana watu wengi hulikimbilia.

Jioni ya kwanza

Ilikuwa saa 12:30 jioni. Mvulana wa miaka 9, kilo 26, aliingia ameshikwa mkono na mama yake mdogo. Alikuwa ameinama kidogo, mkono mmoja juu ya tumbo. Aliponiona alijinyoosha.

“Shikamoo, dokta.”

“Marahaba, baba. Umefanya nini?”

“Nimeanguka.”

Mama mdogo akadakia: “Ameanguka tu na baiskeli, dokta. Tumbo ndilo linamsumbua.”

Ile “tu” bado naisikia. Na ile shikamoo pia, maana mtoto anayekumbuka adabu huku anaumwa humdanganya daktari bila kukusudia: unaona heshima, unasahau kwamba uso umepauka.

Vipimo vyake vilikuwa hivi: mapigo ya moyo 116 kwa dakika, presha 104 kwa 66, pumzi 24, joto 37.1. Mapigo yalikuwa juu kidogo kwa umri wake. Nikasema moyoni ni woga na maumivu. Goti na kiganja vilikuwa vimechubuka. Juu ya kitovu, kushoto kidogo, palikuwa na alama nyekundu ya duara. Niliiona. Niligusa pembeni yake, mtoto akakunja uso, lakini tumbo lilikuwa laini. Kwenye jalada niliandika “mchubuko mdogo tumboni”. Sikuandika kwamba ni wa duara, wala sikuandika upana wake.

Nilimwekea altrasaundi. Hakukuwa na maji wala damu tumboni, ini na wengu vilionekana salama. Wingi wa damu ulikuwa 11.6. Nilikuwa bado na kifaa mkononi niliposikia honi ya bajaji na mtu akipaza sauti, “Majeruhi! Majeruhi!”

Bodaboda mbili zilikuwa zimegongana uso kwa uso. Dereva mmoja, kijana wa miaka 24, alikuwa amevunjika mguu wa chini na mfupa umetokeza. Abiria wake, mwanamke, alikuwa na jeraha refu kichwani na alijibu maswali polepole, alama 14 kati ya 15 kwenye kipimo cha fahamu cha Glasgow. Kila aliyekuwa na mikono alikimbilia huko, nami nikiwa wa kwanza. Na kwa kweli walihudumiwa vizuri. Dereva alipata oksijeni, dripu mbili, antibiotiki na sindano ya pepopunda, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1, yote ndani ya saa ya kwanza. Jeraha lilioshwa, mguu ukafungwa banzi. Mwanamke alishonwa na kuangaliwa kila nusu saa mpaka akarudi 15.

Niliporudi kwa mtoto ilikuwa yapata saa 2 usiku. Alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa kwenye paja la mama yake mdogo. Nilifurahi kwamba amelala. Sikupima tena mapigo, sikugusa tena tumbo. Niliandika parasetamoli na nikasema, “Mkienda nyumbani, akizidi mrudisheni.”

Akizidi nini? Sikusema. Nimewahi kuwaambia wagonjwa mamia maneno hayo, na siku hizi naona aibu nikiyasikia yakitoka kwa mwingine.

Usiku na asubuhi

Haya tuliyajua baadaye. Usiku mtoto alikataa ugali, akatapika mara mbili. Alfajiri matapishi yalikuwa ya kijani. Mama mdogo alikwenda duka la dawa akapewa vidonge vya kuzuia kutapika. Alingoja vifanye kazi. Hakuwa mzembe, niliyemwambia hali si mbaya ni mimi, na yeye aliniamini.

Saa 6 mchana, saa 19 tangu mtoto aumie, walirudi. Binamu yake mkubwa alikuwa anaendesha baiskeli, mtoto amekaa kwenye keria ameegemea mgongo wa binamu, mama mdogo anatembea pembeni akimshikilia.

Muuguzi aliyekuwa anapokea zamu ya mchana aliwaona wakiingia getini. Baiskeli iliegeshwa kwenye mwarobaini, karibu na mlango wa chumba cha dharura. Ilikuwa baiskeli ya kubebea maji, nzito, na upande wa kushoto wa usukani haukuwa na mpira. Bomba tupu la chuma, mdomo wazi, lenye kutu pembezoni. Sista yule aliliangalia, akaingia ndani, akamfunua mtoto shati. Ile alama nyekundu ya jana sasa ilikuwa ya buluu iliyokolea, duara kamili, katikati pakiwa na weupe. Akatoka tena nje, akaweka vidole viwili kwenye mdomo wa lile bomba, akarudi na vidole vyake vikiwa vile vile akaviweka juu ya alama. Vilikaa sawasawa.

Ndipo akamwita binamu, akamwambia: “Hebu nionyeshe alivyoanguka.” Hakuuliza kama alianguka. Aliomba aonyeshwe. Binamu akashika usukani, akaonyesha: madumu mawili yalikuwa yamefungwa nyuma, gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga, usukani ukageuka wote, mtoto akaenda mbele na ile ncha ikamzamia tumboni kabla hajafika chini. “Alining’inia hapa kwanza,” alisema akionyesha tumbo lake mwenyewe, “halafu ndiyo akaanguka.”

Maelezo hayo yalichukua kama dakika mbili. Ndiyo yaliyokuwa historia ya ugonjwa, na jana yake sikuwa nayo.

Siku ya pili: uamuzi na sababu zake

Sasa mapigo yalikuwa 148, presha 92 kwa 58, pumzi 36, joto 38.9. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Tulimpiga picha ya kifua akiwa ameketi, na chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, upande wa kulia palionekana ukanda mweusi wa hewa. Hewa haikai pale. Ikiwa pale, utumbo umetoboka.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa tumpasue hapa au tumpe rufaa. Nilimpigia daktari bingwa wa upasuaji wa mkoa, tukazungumza kwa simu huku picha ya eksirei nimemtumia. Hoja ya kumpeleka ilikuwa nzito: pigo la usukani kwa mtoto linajulikana kwa kuumiza duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, na kongosho, viungo ambavyo kuvitengeneza si kazi ya hospitali ya wilaya. Hoja ya kubaki ilikuwa saa. Saa 3 za barabara, saa moja ya kutafuta gari na mafuta, na nyingine ya kumpokea huko; uchafu ungekaa tumboni saa 5 zaidi kwa mtoto ambaye presha tayari imeanza kushuka. Tulikuwa na mtaalamu wa usingizi siku hiyo. Tukakubaliana: fungua hapa, osha, kama tundu liko kwenye utumbo mwembamba lizibe, ukikuta duodeni au kongosho vimeumia, dhibiti uchafu, weka mpira wa kutolea maji, funga, msafirishe.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutokimbilia kisu. Tulitumia karibu saa 2 kumwandaa: dripu ya Ringer mililita 520 ya haraka, ikarudiwa, antibiotiki za seftriaksoni na metronidazoli, mpira wa puani kutoa matapishi, mpira wa mkojo. Nilikataa kumwingiza mpaka nione mkojo kwenye mfuko. Kumlaza kwa nusu kaputi mtoto aliyekaukiwa maji ni hatari kubwa kuliko kuchelewa kwa saa moja ukiwa unamjaza.

Tulianza saa 9 alasiri, saa 22 tangu pigo. Tumboni kulikuwa na takriban mililita 400 za majimaji machafu ya kijani na njano. Tundu lilikuwa moja, karibu sentimita 1.5, kwenye sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, kipande kifupi tu baada ya duodeni kuishia. Hapo utumbo umeshikizwa, hauwezi kukimbia, na nyuma yake uko uti wa mgongo. Tulilifunua eneo la duodeni na kongosho tukavikagua. Palikuwa na weusi wa damu kwenye utando wa karibu lakini vyenyewe vilikuwa salama. Tundu lilishonwa, tumbo likaoshwa kwa maji ya chumvi yenye joto mpaka yakatoka meupe, na ngozi tukaiacha wazi kwa siku chache kwa sababu ya uchafu uliokuwemo.

Matokeo

Alianza kunywa uji siku ya 5. Siku ya 6 kidonda kilitoa usaha na homa ikarudi. Kilioshwa kila siku, kikasafika, kikashonwa upya. Alitoka siku ya 17. Alikosa shule wiki 5, na mama yake mdogo, anayeuza maandazi, hakukaanga hata moja kwa wiki mbili na nusu. Mtoto wa miaka 9 hayumo kwenye msamaha wa walio chini ya miaka 5, na bima hawakuwa nayo. Sehemu ya deni ilisamehewa na ustawi wa jamii, sehemu walilipa kidogokidogo.

Dereva wa bodaboda alipewa rufaa asubuhi ile, akawekewa chuma mkoani, na baada ya miezi 3 alikuwa anatembea na fimbo. Mwanamke aliruhusiwa baada ya siku 2.

Bomba la milimita 22

Ukiliangalia jeraha kwa jicho la chanzo, mambo mengi yanajipanga. Usukani wa baiskeli nyingi ni bomba la upana wa karibu milimita 22. Uzito wa mtoto mzima, ukisukumwa na madumu mawili ya maji yanayokuja kwa nyuma, uliishia kwenye duara la upana wa kidole gumba. Angeanguka kifudifudi barabarani kwa mwendo uleule, nguvu hiyo ingegawanyika kifuani, mikononi, magotini na usoni, na angerudi nyumbani amechubuka tu. Mpira wa kishikio ungekuwepo, pigo lingetawanyika kidogo zaidi.

Ukuta wa tumbo la mtoto ni mwembamba, misuli haijakomaa, mafuta hayapo. Nyuma kuna uti wa mgongo. Utumbo ukibanwa katikati ya chuma na mfupa hupasuka, hata ngozi juu yake ikibaki nzima. Ndiyo maana alama ya nje ilikuwa ndogo kiasi kile. Pigo likikusanywa mahali padogo, huacha alama ndogo nje na madhara makubwa ndani, nasi tumezoea kupima ukubwa wa jeraha kwa ukubwa wa alama.

Altrasaundi nayo nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake. Inaona damu tumboni vizuri. Ini au wengu vikipasuka, maji meusi yanaonekana mapema. Utumbo mwembamba uliotoboka, kwa saa za mwanzo, unaweza usimwage chochote cha kuonekana. Jibu lake la “hakuna maji” lilikuwa kweli saa ile. Kosa langu ni kulifanya lijibu swali la kesho.

Saa ya damu na saa ya uchafu

Hapa ndipo chanzo kinapoamua matokeo kwa namna ambayo wengi wetu hatufundishwi waziwazi. Majeraha hayaui kwa mwendo mmoja. Ajali ya pikipiki yenye kuvuja damu ina saa yake, nayo hukimbia. Utafiti wa CRASH-2 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40, ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki hupunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba faida hiyo ipo ikitolewa ndani ya saa 3 za mwanzo, baada ya hapo huweza kudhuru. Kwa yule dereva tuliishinda saa ya damu, kwa sababu damu inaonekana, ina rangi, inapiga kelele.

Utumbo uliotoboka una saa nyingine. Saa 6 za kwanza ziko kimya. Mtoto anatembea, anasalimia, analala. Halafu maambukizi yanapanda, na ukiisikia ni jioni ya siku ya pili. Saa hii haishindwi kwa kukimbia. Hushindwa kwa kukaa, kumgusa mtoto tumbo kila baada ya saa 4, mkono uleule wa mtu yuleyule ikiwezekana, na kuandika kila mara. Kwa hiyo daktari akishajua chanzo anajua pia saa ipi inahesabu, na akishajua saa anajua kama mgonjwa huyu ni wa kukimbiliwa au ni wa kulindwa. Wote wawili ni wa kulazwa.

Alama za kupima uzito wa majeraha zisingenisaidia peke yake. Ile ya Kampala, iliyotungwa na Olive Kobusingye na Ronald Lett na kuchapishwa mwaka 2000 kwa ajili ya hospitali kama zetu, inahesabu umri, presha, pumzi, fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Ni kipimo kizuri na nakitumia. Lakini jioni ile mtoto huyu angepata alama kamili. Kipimo kinasoma mwili ulivyo sasa hivi. Chanzo kinasema utakavyokuwa usiku wa manane.

Neno moja, miili mitatu

Katika wiki ileile tulikuwa na wagonjwa wengine wawili walioandikwa “ameanguka”. Mmoja alikuwa mgema aliyeteleza juu ya mnazi. Mwingine bibi wa miaka zaidi ya 70 aliyeteleza bafuni. Kwa mgema aliyetua kwa miguu unatafuta visigino, nyonga, na mifupa ya uti wa mgongo, hata kama analalamikia kisigino tu, maana nguvu hupanda kutoka chini. Kwa bibi, kimo cha kuanguka si hoja. Mfupa wa paja karibu na nyonga unavunjika kwa kuanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, na pigo dogo la kichwa linaweza kukusanya damu taratibu juu ya ubongo na kujionyesha wiki kadhaa baadaye, familia wakidhani ni uzee umemzidi. Kwa mtoto wetu ni tumbo. Miili mitatu, viungo vitatu, saa tatu tofauti, na karani aliandika neno moja kwa wote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka duniani, hivyo hakuna aliye na haki ya kusema “ameanguka tu”. Tena kwa uainishaji wa magonjwa na majeraha wa shirika hilohilo, toleo la 10, mwendesha baiskeli anayeumia bila kugongana na chochote hawekwi kabisa kwenye fungu la kuanguka. Yuko kwenye ajali za usafiri, kwa namba V18. Tungemwandika alivyostahili, angekuwa fungu moja na wale wa bodaboda. Lakini neno “ajali” lingeleta PF3, na hapo tunarudi kwenye sababu iliyomfanya mama mdogo aseme alivyosema.

Sababu hiyo nimeijua siku ya 8 wodini. Baiskeli ilikuwa ya mpangaji, ilichukuliwa bila kuomba, na mama mdogo ndiye aliyemtuma mtoto maji jioni ile. Aliogopa polisi, aliogopa mpangaji, aliogopa wazazi wa mtoto walioko mbali. Woga huo wote aliuweka ndani ya neno “tu”.

Yaliyokwenda sawa

Muuguzi kwenda kuiangalia baiskeli ndiko kulikookoa saa zilizobaki. Kumpigia bingwa simu kabla ya kufungua kulitupa mpango wa pili, na nadhani ndiko kulikonipa ujasiri wa kukagua kongosho badala ya kushona tundu la kwanza na kufunga. Maandalizi ya saa 2 hayakuwa kuchelewa. Na timu haikumlaumu mama mdogo mbele ya mtoto, jambo ambalo katika wodi zetu si la kawaida kama linavyotakiwa kuwa.

Kuhusu jioni ya kwanza, wenzangu kwenye kikao cha mapitio walinitetea: kulikuwa na majeruhi wengine, tulikuwa wachache. Ni kweli, na uchache huo unahitaji kusemwa kwa wakubwa kila mwezi. Lakini benchi lilikuwepo na dripu ilikuwepo. Kumlaza mtoto usiku mmoja kulihitaji kitanda kimoja. Sikukosa watu, nilikosa swali.

Tulichobadilisha

Karani hatakiwi tena kuandika neno moja kwa majeruhi. Kuna mistari mitatu iliyopigwa mhuri kwenye jalada: alikuwa kwenye nini au juu ya nini, aligonga au aligongwa na nini, sehemu gani ya mwili ilitangulia. Aliyeshuhudia huombwa aonyeshe kwa mikono. Mtoto mwenye alama ya usukani tumboni halali nyumbani usiku wa kwanza, hata altrasaundi iwe safi. Anaangaliwa kila saa 4 kwa saa 24. Na PF3 haitajwi mapokezi. Mgonjwa akishatulia, afisa ustawi wa jamii ndiye anayezungumza na jamaa kuhusu fomu, kwa utulivu.

Mabadiliko haya yana gharama yake. Miezi miwili baadaye tulimlaza msichana wa miaka 11 mwenye alama kama ile. Hakuwa na kitu. Mama yake aliondoka kesho yake amekasirika, ana bili ya kitanda na siku ya kazi iliyopotea, na alikuwa na haki ya kukasirika. Ningemlaza tena. Ninachotaka hospitali ibuni ni namna ya kutomtoza.

Mtoto wetu alirudi wiki ya 6 kuangaliwa kovu. Alikuja na baiskeli ileile, mpangaji amewaruhusu. Ncha ya usukani ilikuwa imezibwa kwa kipande cha ndala ya bluu kilichokatwa duara na kufungwa kwa mpira wa tairi. Mama mdogo alingoja mtoto atoke nje, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: “Dokta, ningesema ajali siku ile, mngenituma polisi kwanza?”

Nilimwambia ukweli. Jioni ile, ndiyo, tungemtuma.